Koo, Toleo la Pili

Kazini wananiita Bi Futa. Mtu akiniletea kompyuta inayosuasua, sikai kuibembeleza. Nanakili faili zake, nafuta diski nzima, naweka mfumo mpya, namrudishia mwenyewe kabla chai ya saa nne haijapoa. Idara yetu ya maji ina kompyuta sitini na moja na zote zimepita mikononi mwangu, nyingine mara mbili. Mafundi wenzangu hupoteza siku tatu wakiwinda kosa lilikojificha. Mimi saa mbili zinanitosha. Nilikuwa najivunia, na sitajitia hamnazo sasa niseme sikuwa najivunia.

Jumamosi moja asubuhi nilifuta sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa dalali wa mnada kwa miaka thelathini na mmoja. Makabati, baiskeli, majokofu, vyombo vya watu waliohama, vyote aliviuza kwa mdomo. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu mwenye makabati matatu nyumbani anyooshe mkono anunue la nne. Na sauti hiyo hakuiacha mnadani. Mama akimimina chai, Baba anatangaza, "Kikombe cha kwanza! Nani zaidi?" Mama anajibu, "Hakuna zaidi, gonga nyundo." Baba anagonga meza mara tatu kwa vifundo vya vidole, chai inakuwa yake. Nilipokuwa msichana mchezo huo ulinitia aibu mbele ya wenzangu, nikawa nawaomba wazazi waache. Hawakuacha.

Halafu ikaja saratani ya koo. Daktari alisema kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote, na akatupa wiki mbili za kujiandaa. Kaka yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika programu, hakulia wala hakubishana. Alitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha nyuma, akamketisha Baba mbele ya kinasa sauti, akamrekodi siku tisa mfululizo. Silabi, maneno, sentensi nzima, vicheko, hata miguno. Kisha akaandika programu: Baba anaandika kwenye kibodi, programu inaokota vipande vya sauti yake, inaviunganisha, na spika inasema. Haikuwa kamili. Herufi "r" ilikuwa inakwaruza. Lakini alikuwa yeye, dalali mwenyewe, na siku ya kwanza alipotoka hospitali akaandika, "Kikombe cha kwanza! Nani zaidi?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kaka akaiweka programu hadharani bure, msimbo wake wote wazi, ili mwenye baba kama wetu popote aichukue.

Kaka alikufa mwaka juzi, ajali ya barabarani, akitoka kazini. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa ndani ya begi mgongoni. Niliiona ilivyokuwa na sitaki kuieleza.

Mama naye macho yalikuwa yamekwisha, presha ya macho iliyogunduliwa kwa kuchelewa. Baada ya macho ikafuata kumbukumbu. Alisahau kama amekula, alisahau mwaka, alisahau kwamba Kaka amekufa. Tulimwambia mara mbili na mara mbili akaanza msiba upya, kwa hiyo mara ya tatu tukanyamaza. Kitu kimoja tu hakukisahau. Akishtuka usingizini mchana anauliza, "Upo?" Baba anabonyeza na spika inajibu, "Nipo." Basi anatulia. Mwanamume asiyeweza kusema na mwanamke asiyeweza kuona, na katikati yao kompyuta kuukuu juu ya stuli. Ndoa yote ilikuwa imesimama hapo.

Nayo ikaanza kuzeeka. Ilichukua dakika sita kuwaka. Baba akaandika, "Mashine imekuwa kama mimi, mpaka isukumwe." Nikacheka, nikasema, "Niachie mimi, Baba. Saa mbili tu." Nikanakili folda yake yote: barua, picha, mipangilio, faili za sauti elfu nne mia mbili na kumi na mbili. Nikazihesabu, nikazihakiki. Kisha nikafuta diski kama ninavyofuta za ofisini, yaani siyo kufuta tu. Naandika sifuri juu ya kila kipande, mwanzo hadi mwisho, ili asije mtu akachokonoa mabaki. Nikaweka mfumo mpya. Kompyuta ikawaka kwa sekunde ishirini, nami nikampigia Baba makofi kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi.

Ilibaki kurudisha programu ya Kaka. Programu ya namna hiyo huipati ikiwa tayari kuliwa. Unachukua msimbo, yaani maandishi ya mtunzi, na kompyuta yako inayageuza kuwa programu. Tunaita kujenga. Na katika kujenga kuna vitu vinaitwa maktaba: kazi zilizokwisha andikwa na watu wengine, ambazo mtunzi anaziazima ili asianze kila kitu tangu mwanzo. Ikikosekana maktaba moja tu, ujenzi unasimama na unapewa mstari mwekundu.

Mstari wa kwanza ulisema maktaba ya kusoma sauti haipo. Nikaipakua. Nikajenga tena, ikakosekana ya kubana faili ziwe ndogo. Nikaipakua. Ya tatu nilikuwa nayo, naiona kwa macho yangu, na bado kompyuta ikasema haipo, kwa sababu ilitaka pia orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo huja katika furushi jingine ambalo hakuna anayekuambia. Ya nne ilikuwa mpya mno. Nikashusha ya zamani, nayo ikadai kitu cha zamani zaidi. Ya tisa niliiweka vizuri kabisa, ila mfumo ulikuwa hauna habari kama imefika, mpaka nikaulazimisha usome upya rafu zake. Kufika Jumapili adhuhuri nilikuwa nimeweka maktaba kumi na nne na nimezitukana zote.

Mama alikuwa ameshaanza kuuliza. "Upo?" Baba akamshika mkono. Mama akaupapasa, akausikiliza kwa vidole, akasema, "Ndiyo, lakini upo?"

"Kompyuta inatengenezwa, Mama," nikamwambia. "Baba yupo hapo hapo."

"Basi aseme."

Maktaba ya kumi na tano iliitwa Koo, toleo la pili. Jina tu lilinichekesha, maana majina ya kaka yangu yalikuwa hivyo hivyo siku zote. Nikatafuta kwenye maghala yote ya programu, hakuna. Nikaenda kwenye ukurasa wake mwenyewe, ambao bado upo, na picha yake ya kukunja uso. Koo toleo la kwanza lilikuwepo. Chini yake alikuwa ameandika: "Toleo la pili ndilo linalofungua sauti zilizobanwa upya. Linakuja. Msimbo bado mchafu, naona aibu kuuweka hadharani. Nipeni wiki moja nisafishe." Tarehe ilikuwa siku kumi na moja kabla ya ajali.

Nikafungua tena nakala ya folda ya Baba, nikalitafuta humo, halikuwemo.

Kaka alilijenga toleo la pili kwa mkono wake, kwenye kompyuta ile ile ya Baba, na akaliweka pale maktaba zote zinapokaa, ndani ya mfumo wenyewe, nje ya folda ya Baba. Msimbo wake ulikuwa kwenye ile kompyuta ya begini siku ya ajali. Mafundi hatunakili mfumo. Kwa nini unakili? Kila kilichomo kinapakuliwa tena. Nimelisema neno hilo kwa miaka kumi na miwili, nimelisema vikaoni, nimeliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani ofisini: "Nakili vya mtu, vya mfumo vitarudi." Na ni kweli, vinarudi vyote, isipokuwa kile ambacho mtu mmoja alikitengeneza mwenyewe na akakiweka humo bila kumwambia yeyote. Yeye aliona aibu ya uchafu, na mimi nikasafisha. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia mchana ule.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilimpelekea diski bwana mmoja anayefufua diski zilizokufa, kibanda chake kiko ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Aliichomeka, akaitazama nusu saa, akavua miwani.

"Nani alifuta hii?"

"Mimi."

"Kazi safi sana, dada. Siku hizi watu hawafuti namna hii." Alipoona uso wangu akaongeza, "Kulikuwa na nini?"

"Baba yangu."

Alidhani namaanisha picha. Akanipa pole ya picha na hakunichaji kitu.

Kwenye ukurasa wa Kaka kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuchangia msimbo wa Koo, anajiita Bundi, yuko mbali huko, hawakuwahi kuonana. Nilimwandikia. Alijibu siku ya nne, barua ndefu ya upole ambayo nilitamani iwe fupi. Alisema hakujua kwamba Kaka amefariki, alidhani amechoka na kazi ya bure kama wengi wanavyochoka. Kuhusu toleo la pili, alisema waliliongelea mara nyingi. Alimwomba alitume hata likiwa chafu. "Akaniambia hawezi kumwonyesha mtu chumba chake kabla hajatandika kitanda," Bundi aliandika. "Nilikuwa namtania kila wiki. Samahani. Laiti ningemsumbua zaidi." Alijaribu yeye mwenyewe kukisia ubanaji ule ulikuwaje. Nilimtumia faili kumi. Baada ya juma moja akaandika kwamba zimefungwa kwa namna ambayo hawezi hata kuona mlango ulipo.

Usidhani nilikaa tu nikisubiri. Nilijaribu sauti ya mashine, ile inayokuja bure, isiyo ya mtu yeyote. Baba akaandika, "Mke wangu, ni mimi." Spika ikasema. Mama akajivuta kwenye kiti, akaning'ang'ania mkono. "Huyu mgeni nani? Na mbona ananiita mke wake?" Tukaizima. Baba hakuandika kitu kingine siku ile.

Nikasaka sauti yake kwenye simu za zamani. Baba hakupenda simu, alizoea kuongea na umati. Nilipata ujumbe mmoja, sekunde tatu, wa kabla ya upasuaji: "Haya, nimefika. Nitakupigia." Sikufikiri mara mbili. Nilimwekea Mama sikioni. Uso ulimng'aa, mara ya kwanza katika wiki mbili, nikasema moyoni basi, tumepata pa kuanzia. Kesho yake nikamkuta amekaa karibu na dirisha, simu mapajani.

"Unangoja nini, Mama?"

"Baba yako amesafiri. Amesema atapiga."

Baba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Alinitazama tu. Ningefurahi kama angenitukana.

Tangu hapo Mama hakuuliza tena "Upo?" Alishajua kwamba hayupo. Baba akimshika mkono, anautoa taratibu, kwa adabu, kama unavyojitoa kwa mgeni aliyekosea. Asubuhi moja Mama alipokuwa anapapasa kikombe chake cha chai, Baba akagonga meza mara tatu kwa vifundo vya vidole. Aligonga vilevile, kama miaka yote. Mama akainua kichwa. "Kuna mtu anabisha hodi," akasema. "Mfungulieni."

Siku ya ishirini na tatu nilipiga moyo konde nikafanya kitu ambacho fundi mwenye akili hafanyi. Msimbo wa programu ulikuwa na mstari mmoja unaodai Koo toleo la pili. Nikafuta mbili, nikaandika moja. Nikadanganya, kwa kifupi. Toleo la kwanza nilikuwa nalo, nililijenga bila taabu. Nikaanzisha ujenzi wa programu, nikakaa na Baba tukiangalia mistari inavyopanda. Hakuna wekundu. Ikapanda, ikapanda, ikafika mwisho, ikasema imekamilika. Baba akanipiga bega kwa kiganja. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya Mama, na mimi niliamini. Kwa muda wa kuvuta kiti na kusogeza spika, niliamini kabisa.

Baba akaandika neno moja: "Nipo."

Ikatoka kelele. Mkwaruzo mtupu wa kuumiza meno. Mama akaziba masikio. Nikashusha sauti, Baba akaandika neno jingine, na jingine, kila neno mkwaruzo. Toleo la kwanza lilikuwa halijui kufungua kilichofungwa na la pili. Nilijua. Nilijua kabla sijaanza.

Nikaandika amri ya mwisho, ya kuipitisha kila faili moja moja na kuniambia zipi zinafunguka. Elfu nne mia mbili na kumi na mbili. Tulisubiri dakika arobaini. Zikafunguka saba. Zilikuwa za siku ya kwanza kabisa, Kaka alipokuwa anajaribu tu vyombo vyake, na baadaye hakujisumbua kuzibana upya kama nyingine.

Sita zilikuwa kiti kinacholia, na kikohozi. Kikohozi ni cha Baba, ndiyo, lakini kikohozi ni cha kila mtu. Ya saba ilikuwa na maneno. Nikaongeza sauti kabla sijajua ni ya nani.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Baba, nyamaza kwanza. Nyamaza kabisa, nataka kusikia chumba kikiwa kitupu. Na wewe Mama huko jikoni, tulia kidogo. Haya."

Kisha sekunde nne za chumba kitupu, na kwisha.

Mimi nilisimama. Baba alifunika uso. Tulikuwa hatujaisikia sauti ya Kaka kwa miaka miwili na tulikuwa hatujajiandaa. Lakini Mama alikuwa ameshusha mikono mapajani, amenyoosha mgongo, ametulia tuli kama alivyoambiwa. Baada ya muda akanong'ona, "Nimetulia, mwanangu. Umerudi saa ngapi?"

Akageuza uso kuelekea spika.

"Baba yako usimtafute," akasema. "Amesafiri. Na hapigi."

Nikanyoosha mkono nizime. Baba akanishika kifundo cha mkono. Akavuta kibodi, akaandika kwenye skrini, bila sauti, kwa ajili yangu peke yangu: "Rudia."

Bundi aliniandikia tena mwezi uliopita, kuuliza kama nimefika popote. Nilimjibu kwamba ujenzi ulikamilika bila kosa. Ile karatasi ya ukutani ofisini nimeibandua, lakini jina limebaki, na kompyuta bado zinaletwa mezani kwangu. Siku hizi nazitafutia kosa siku tatu, kama wenzangu, na wenye haraka wananung'unika.

Nyumbani nimeondoa kila kitu kwenye skrini ile nikaacha kitufe kimoja kikubwa. Kila siku alasiri, Mama akishaamka, anauliza kama mwanawe amekuja. Sihitajiki hata kuwepo. Baba anasogeza stuli karibu na kiti chake na anabonyeza mwenyewe. Kaka anahesabu moja, mbili. Kaka anamwambia Baba anyamaze. Mama anatulia, anasikiliza chumba kitupu mpaka mwisho, kisha anageuza uso upande alipo yule aliyemwekea.

"Asante, bwana," anamwambia. "Na wewe una watoto?"